Sura ya Sita: Sindano Mbili

Neno mnada, kwa mtu wa Singida, lina vumbi. Mwambie mkulima wa Iramba au Ikungi kwamba kesho kuna mnada, hatauliza mnada wa nini. Ataamka alfajiri, atachagua mbuzi wa kupeleka, atatia njia. Huko atakuta ng'ombe na madalali, nyama choma, mitumba iliyotandazwa juu ya turubai, na wauza dawa za minyoo na vipaza sauti vyao. Pembeni kabisa, kwenye kivuli chembamba cha mgunga, atakuta akina mama wamekaa na vikapu. Minada hiyo nimeizoea miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipita mbele ya akina mama wale bila kusimama.

Siku niliyosimama, nilivutwa na kikapu kimoja kilichokuwa kimeegemezwa kwenye mzizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kikapu."

Kilikuwa kipana kama sinia, kina chake kinazidi shubiri kidogo. Kimesukwa kwa kuzungusha: fungu la majani makavu, unene wa kidole cha mtoto, linaanza kuviringishwa kwenye kitovu, na kila duru inashonwa kwenye duru iliyotangulia mpaka ukingoni. Mama alikuwa na kingine mapajani, hakijafika nusu. Sindano yake ilikuwa msumari ulionolewa kwenye jiwe na kutiwa mpini wa mti. Anatoboa, anapitisha uzi, anavuta, anakaza kwa meno, anatoboa tena. Nyuzi za rangi zilitoka kwenye salfeti iliyofumuliwa: zambarau, nyeusi, na mstari mmoja mwekundu uliozunguka kikapu chote bila kukatika. Nilianza kuhesabu mishono ya duru ya juu. Nilipofika mia moja na themanini nilipoteza hesabu.

Akasema elfu kumi, lakini nikiwa na nane nichukue. Nikamuuliza kilimchukua siku ngapi. Siku sita, akasema, ila si kutwa. Anasuka akitoka shambani, na usiku kukiwa na mbalamwezi. Kisha, bila mimi kuuliza, akaongeza: "Kijana wangu amechaguliwa chuo cha mifugo. Ndiyo natafuta ada."

Nilitoa elfu kumi nikaondoka na kikapu. Njia nzima hesabu ile ilikuwa inanizunguka kichwani. Kwa elfu nane au elfu kumi kwa siku sita, mama yule angesuka mwaka mzima bila kulima wala kulala, na bado ada, chakula, chumba na nauli vingemshinda. Na hapo hatujataja ovaroli, gambuti na koti jeupe la maabara.

Sura hii inatokana na hesabu hiyo. Nataka kuonyesha kwamba sindano ya mama yule inaweza kununua sindano ya mwanawe, yaani ile ya kuchanjia ng'ombe, kwa sharti moja ambalo watu wema wengi wanaoandaa minada ya hisani hulisahau.

Kwanza tuseme kwa nini Singida inamhitaji kijana yule.

Huu ni mkoa wa nusu ukame, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2. Wanaishi kwa alizeti, mtama, uwele, vitunguu, asali ya upande wa Manyoni na Itigi, na mifugo. Kuku wa Singida hahitaji kutambulishwa. Mabasi yanayoshuka Dodoma kwenda Dar es Salaam yamembeba kwenye matenga miaka na miaka. Ukienda kwa mama wa kijijini ukamuuliza benki yake iko wapi, atakuonyesha banda la kuku. Hapo ndipo inapotoka hela ya daftari, ya panadol, ya rambirambi.

Benki hiyo ina mwizi wake, mdondo, wengine humwita kideri. Akiingia kwenye banda lisilochanjwa anaweza kulimaliza ndani ya wiki moja. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, asubuhi amelala chali. Mara nyingi huja wakati wa kiangazi, na hapo ndipo familia inapouza kuku ili kuvuka kuelekea msimu mpya. Kinachouma ni kwamba kinga ipo na ni rahisi: chanjo ya I-2, ambayo inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuileta kijijini ikiwa bado hai, kuitunza kwenye ubaridi njiani, kuzipanga kaya mia zichanje siku moja, na kurudi baada ya miezi mitatu hata kama hakuna aliyemwita.

Kwa ng'ombe na mbuzi orodha ni ndefu zaidi. Kuna ndigana kali inayoletwa na kupe, homa ya mapafu, chambavu, kimeta ambacho huua na mchinjaji pia, na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008. Dhidi ya yote hayo mfugaji anaye muuza dawa wa mnadani, anayeuza chupa ya oksitetrasaiklini kwa kila ugonjwa, na kipimo ni macho ya mnunuzi. Simlaumu sana muuzaji huyo. Pengo lipo, naye amelijaza. Ila dawa inayotumika hovyo hufika kwenye maziwa na nyama yetu, na vimelea huizoea. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari ili kila anayetibu mifugo awe amesomea na kuandikishwa. Sheria ni nzuri, lakini yenyewe haizai wataalamu.

Wataalamu wanazaliwa vyuoni. Juu kabisa kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa Julai 1984, miezi michache baada ya kifo cha Edward Moringe Sokoine ambaye kinabeba jina lake. Kabla ya hapo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mizizi yake ni chuo cha kilimo cha mwaka 1965. Shahada ya tiba ya mifugo pale ni miaka 5. Chini yake kuna kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, ulioundwa 2011: Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba, Mabuki na nyinginezo, zinazotoa astashahada na stashahada. Kwa upande wa kilimo kuna vyuo vya MATI kama Ilonga, Ukiriguru na Uyole. Mpwapwa ina historia ya pekee, kwa sababu Wajerumani waliweka kituo cha magonjwa ya mifugo pale mwaka 1905. Kwa mtoto wa Singida, Mpwapwa ni karibu kama kwa jirani.

Anayepata shahada anayo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilifunguliwa pia kwa baadhi ya stashahada za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo. Ni hatua kubwa na naishukuru kwa moyo wote. Lakini mkopo haumfikii kila mwombaji, na wa astashahada bado anategemea mzazi. Huyo wa astashahada ndiye atakayeishi kijijini, atakayeijua pikipiki ya kata kama kiganja chake, na atakayeamshwa saa nane usiku kwa sababu ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mnyororo wetu umekatikia hapo, kwenye kipande cha bei nafuu kuliko vyote.

Turudi kwenye vikapu. Vya Singida vimewahi kuvuka bahari, na habari yake inafaa kusimuliwa polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtu na mkewe kutoka mji mdogo wa Union, jimbo la Iowa, Marekani, walikuwa wanajiandaa kustaafu na kuzunguka kwa mashua. Majina yao ni Floyd Hammer na Kathy Hamilton. Rafiki yao akawaomba waje kwanza kusaidia kukarabati jengo la wagonjwa wa UKIMWI huko Nkungi, mkoani Singida. Walifika wakakuta njaa ya ukame. Safari ya mashua ikasahaulika. Mwaka 2004 walianzisha shirika la Outreach, lililojulikana baadaye kwa kuwakusanya maelfu ya watu wa kujitolea kufungasha chakula cha watoto. Mwezi Julai 2013 walisimama Ikulu ya Marekani, mbele ya Barack Obama na George H. W. Bush, wakipokea tuzo ya kujitolea. Sambamba na chakula, vikapu vya akina mama wa Singida vilipata wanunuzi huko Iowa.

Iowa si jina geni kwa mtu anayefuatilia habari za mazao na mifugo. Chuo cha tiba ya mifugo cha Iowa State, kilichoanza 1879, ndicho cha kwanza cha umma nchini Marekani. Jijini Des Moines ndiko inakotolewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mwaka 1999 aliipokea Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe pale Muguga, karibu na Nairobi. Chanjo hiyo ndiyo iliyoufuta ugonjwa ulioteketeza ng'ombe wa babu zetu miaka ya 1890. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa sotoka hiyo haipo tena. Kila mfugaji wa Iramba anayelala bila kuiota sotoka ana deni kwa maabara ile ya Muguga.

Na Iowa hiyohiyo ina mtu ambaye kila nikimfikiria namwona kijana wa mama yule. George Washington Carver alizaliwa utumwani Missouri. Mwaka 1890 aliingia chuo cha Simpson, Iowa, kusomea uchoraji, akijilipia kwa kufua nguo za wanafunzi wenzake. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea: jani halikuwa jani tu, lilikuwa na mishipa yake, na ugonjwa wake ukionekana. Baba wa mwalimu huyo alikuwa profesa wa kilimo cha bustani Iowa State. Binti akamshauri mwanafunzi wake ahamie huko. Carver akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo hicho, akapata shahada 1894 na ya uzamili 1896, akaenda Tuskegee kuwafundisha wakulima weusi kurudisha uhai wa ardhi iliyochoshwa na pamba. Brashi hakuitupa: mwaka 1893, akiwa bado anasoma kilimo, mchoro wake wa mmea wa jangwani ulitambuliwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago. Jicho lililozoea kutazama kwa ajili ya kuchora lilikuwa tayari limefunzwa kutazama kwa ajili ya kutibu. Mtoto aliyekua akimwona mama yake akihesabu mishono naye ana jicho hilo.

Sasa lile sharti.

Nilirudi kwa mama yule na wenzake, nikanunua vikapu kumi na viwili, nikaenda navyo Dar es Salaam kuuza kwa marafiki na wafanyakazi wenzangu. Niliandika tangazo la huruma: tumsaidie mtoto wa Singida asome. Watu wana moyo, sitawasema vibaya hata siku moja. Walikuja, wakasikiliza, wakatoa elfu tano, elfu kumi, wakanipa pole na hongera. Kisha wakaondoka wakaviacha vikapu. Jioni nilikuwa na hela kidogo na vikapu tisa. Nilikaa navyo sebuleni nikajiona nimemtukana mtu bila kujua. Kazi ya siku sita nilikuwa nimeigeuza bakuli la kuombea.

Mara ya pili sikutaja ada kabisa mpaka mtu alipouliza. Nilivitundika kwenye ukuta mweupe, kila kimoja na nafasi yake, na chini yake karatasi: jina la kwanza la msukaji, siku alizotumia, rangi zimetoka wapi. Bei elfu thelathini na tano. Mtu wa kwanza alisimama mbele ya kikapu chenye mstari mwekundu kwa muda mrefu, akaugusa ule mstari kwa kidole akiufuata. Akalipa. Kabla ya saa tisa ukuta ulikuwa mtupu, na watu watatu waliacha namba za simu wakitaka vingine. Anayenunua kwa kuhurumia humaliza haja yake siku hiyohiyo. Anayenunua kwa kupenda anarudi, tena na shemeji yake.

Lakini bei nzuri peke yake haitoshi. Jambo zito, na ndilo sharti lenyewe, ni nani anayetoa sadaka. Chukua mfano wa David Shepherd, mchoraji Mwingereza wa wanyamapori. Mwaka 1960 alikuwa Tanganyika, akakuta pundamilia 255 wamekufa kuzunguka kisima kilichotiwa sumu. Tangu siku hiyo sanaa yake ikawa ya kuwatetea wanyama. Mwaka 1973 mchoro wake mmoja wa chui milia ulichangisha pauni 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa wanyama hao India, na mwaka 1984 alianzisha taasisi yake. Nampa heshima zote. Ila Shepherd alitoa kutoka kwenye ziada. Picha zake zilikuwa zimeshamlisha. Mama wa mgungani hana ziada. Ukimwambia atoe kikapu "kuchangia elimu", umemtoza kodi mtu wa mwisho kabisa kutozwa, halafu ukamwita mfadhili.

Tuna mfano wetu pia, na unauma. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora Dar es Salaam kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, akiuza kwa wapita njia. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40. Mtindo wake umekwenda duniani kote, na picha zake mwenyewe zinauzwa leo kwa bei ambayo yeye hakuwahi kuishika mkononi. Ndugu na wanafunzi wake walijikusanya, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao, nao uliwapa nguvu ya kupanga bei wakiwa pamoja. Msukaji wa peke yake mbele ya dalali ni sawa na mbuzi wa mwisho mnadani jua linapozama.

Kwa hiyo mimi na akina mama wale tulipanga hivi, na sijaona sababu ya kubadilisha. Msukaji analipwa kwanza, taslimu, siku kikapu kinapopokelewa, kwa bei inayohesabu siku zake. Tuseme elfu kumi na tano. Hela hiyo ni yake. Akitaka asomeshe, akitaka anunue bati. Elfu tano ni ya usafiri na vikapu vitakavyoharibika njiani. Elfu kumi na tano inayobaki imetoka mfukoni mwa mnunuzi, na hiyo ndiyo ya mwanafunzi. Inaingia kwenye sanduku la kikoba cha akina mama wenyewe, lile la kufuli tatu na washika funguo watatu. Ada hailipwi kwa kumkabidhi kijana noti. Chuo kinatoa kontroo namba, mweka hazina analipa kwa simu mbele ya kikao, na risiti inasomwa kwa sauti kabla sanduku halijafungwa. Mara ya kwanza risiti iliposomwa, bibi mmoja aliomba irudiwe. Alitaka kusikia tena jina la chuo.

Kalenda nayo inasaidia. Kusuka ni kazi ya kiangazi, alizeti ikishavunwa, Juni mpaka Septemba. Vyuo vinafunguliwa Septemba na Oktoba. Hela inapatikana karibu na siku inapotakiwa, na hilo kwa mkulima si jambo la kawaida.

Tuliulizana kama kijana afungwe kwa mkataba kwamba lazima arudi kijijini. Nilipinga na bado napinga. Ajira za serikali hazitoshi. Wahitimu wengi wa mifugo wanaanza kwa kufungua duka la pembejeo au kuzunguka na pikipiki wakichanja kwa malipo. Kumfunga mtu mahali ambapo hana kipato ni kumfundisha kukimbia. Tulichoomba ni kidogo: mafunzo kwa vitendo ya likizo ayafanyie nyumbani, chini ya afisa mifugo wa kata, na kila likizo achanje kuku wa kikundi.

Kijana wa mama wa kikapu chekundu alichelewa mwaka mmoja, kisha akaenda. Kabla yake kikundi kilikuwa kimemlipia binti wa jirani, na likizo ile nilikuwapo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, alikuja na boksi dogo la baridi begani na gambuti zinazomzidi mguu. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na matenga. Alimshika jogoo wa kwanza ubavuni, akampinda kichwa taratibu, jicho likawa juu. Akabonyeza kichupa. Tone likaning'inia, likaanguka. Hakumwachia. Alisubiri jogoo apepese, akapepesa, tone likaingia, ndipo akamweka chini.

"Mwingine, mama," akasema.

Walikuwa kuku mia mbili na kumi na nne. Mwenye kikapu chekundu alikuwa wa mwisho kwenye foleni, tenga lake miguuni, na kwa kuwa zamu yake ilikuwa mbali, alikuwa ametoa msumari wake na kuanza kitovu kipya.